Vyakula vya Brazili

Brazili ni nchi kubwa ya Amerika ya Kusini. Mimi sijafika huko. Vyakula vyao nimejifunza kwa kusoma vitabu vya mapishi.

Vitu vyenyewe si vigeni kwetu: mchele, maharagwe, muhogo, samaki, nazi. Watu wengi wa Brazili hula wali na maharagwe kila siku. Kwanza hukaanga mchele kwa mafuta, kitunguu maji na kitunguu saumu. Kisha hutia maji ya moto, vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha mchele.

Juu ya maharagwe hunyunyiza farofa. Hapa tusome polepole. Farofa ni unga wa muhogo uliokaangwa kwa mafuta, lakini unga huo si kama wetu wa makopa. Muhogo mbichi hukunwa, hukamuliwa maji, halafu hukaushwa juu ya moto katika chombo kipana mpaka uwe chengachenga. Muhogo mchungu una sumu, na kazi hiyo ndiyo inayoitoa. Wenyeji wa Brazili waliijua kabla Wareno hawajafika mwaka 1500. Wareno ndio walioleta muhogo Afrika.

Mimi napenda zaidi moqueca ya jimbo la Bahia. Tamka mokeka. Panga sufuriani vitunguu, nyanya, pilipili hoho na vipande vya samaki. Tia chumvi na tui zito. Usiongeze maji. Funika, wala usikoroge, samaki asije akavunjika. Mwishoni tia mawese. Watu wa Kigoma wataijua harufu hiyo! Michikichi ilifika Brazili kutoka Afrika, wakati Waafrika walipopelekwa huko utumwani. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1888.

Wanawake weusi wa Bahia walipika chakula hiki miaka mingi bila kitabu. Wengi hawakufundishwa kusoma. Na hadi mwaka 1985, Brazili haikumruhusu asiyejua kusoma kupiga kura. Kitabu kimoja maarufu cha mapishi cha huko kilitolewa mwaka 1940. Kina jina la Dona Benta, naye ni bibi wa hadithi za watoto, si mtu wa kweli. Majina ya wapishi wale wa Bahia sikuyakuta katika vitabu vyangu. Jambo hili huniudhi.

Lakini mkono wao naukuta penye chumvi. Hapo kitabu hakitaji kijiko. Kinasema tu: kadiri upendavyo. Basi nakiweka kando, nachota mchuzi kidogo, naonja.