Taa Zilizopita Juu ya Lubaga



Jioni moja, baina ya Magharibi na Isha, kijana wa darasa letu aliingia mbio madrasa hapa Lubaga akisema kaona taa nyingi angani, zimejipanga mstari, zinakwenda bila sauti. Tulimwambia akae chini aache uongo. Wenzake wakacheka. Kesho yake habari imeshafika Nateete kwa sura nyingine: wapo waliosema majini, wapo waliosema Kiyama, na mama mmoja akamzuia bintiye kuja kusoma usiku.

Hapo tukaona tumekosea. Aya ya 6 ya Surat Hujurat inatutaka tuchunguze habari hata ikiletwa na fasiki, na huyu ni mtoto aliyehifadhi juzuu tatu! Tukamwita, tukamuuliza yale anayoulizwa shahidi wa mwezi mwandamo: ulisimama wapi, saa ngapi, zilitokea upande gani, zikapotelea wapi? Akajibu bila kusita: saa moja na nusu, kutoka upande wa Busega kuelekea Old Kampala, na zilizimika moja moja, zote mahali pale pale, zikiwa bado juu.

Tukatoka naye nje jioni tatu, zote za mawingu. Ya nne zikapita. Vijana wengine walihesabu 19, wengine 21, na zikazimika pale pale alipotuambia.

Ni satelaiti. Kampuni ya SpaceX ya Marekani ilianza Mei 2019 kurusha satelaiti zake za intaneti ziitwazo Starlink, 60 kwa roketi moja. Siku za mwanzo hufuatana kama punje za tasbihi, kisha hupanda hadi kama kilomita 550 na kutawanyika. Hazikuwasha taa yoyote. Sisi huku chini tumeshaingia gizani, lakini zenyewe kwa urefu ule bado zinapigwa na jua. Kila moja ikifika kwenye kivuli cha dunia, inapotea. Kwa hiyo watu huziona baada ya Magharibi au kabla ya jua kuchomoza. (Mmoja aliuliza kama ni ile ya Uganda. PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande; jicho lisingeiona.)

Kwa mama yule tulikwenda wenyewe. Tulimkumbusha siku Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim: jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa kifo hicho, naye akalikanusha hilo ilhali ndiye mfiwa. Binti amerudi darasani, alhamdulillah.

Kijana tulimwomba radhi mbele ya wenzake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Ustaadh, nikiuona mwezi wa Ramadhani, mtanikubali?" Tukamwambia aje na majibu ya maswali yale yale.