Mpingo na Tete

Mti wa mpingo hauna haraka. Katika mapori ya Kilwa na Lindi, kusini ya Tanzania, hukadiriwa kuwa huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya shina lake kufaa kukatwa mbao. Moyo wake ni mweusi, mgumu, na mzito hata ukitiwa majini huzama. Wamakonde huuchonga wakapata sanamu; mafundi wa Ulaya huukereza wakapata klarineti, chombo cha muziki ambacho chanzo chake hunasibishwa na Johann Christoph Denner, fundi wa Nuremberg, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 18.

Lakini mpingo, pamoja na fahari yake yote, ni bubu. Klarineti haisemi mpaka kinywa chake kifungwe kipande kidogo cha tete, ambacho ncha yake ina unene wa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kipande hicho hapa kitaitwa ulimi, kwa kuwa kazi yake ni kusema. Tete lenye sifa kubwa kwa kazi hii hutoka Var, kusini ya Ufaransa, karibu na bahari ya Mediterania. Hukatwa wakati wa baridi likiwa na umri wa miaka 2 hivi, likaanikwa juani, kisha likawekwa mpaka likapata rangi ya dhahabu. Hivyo mti wa miaka 100 hungojea ruhusa ya unyasi wa miaka 2.

Mwalimu mmoja wa jiografia, mkazi wa Temeke, Dar es Salaam, alirithi klarineti ya mpingo kwa baba yake, aliyekuwa mpigaji katika bendi. Chombo kilikuwa kimekaa kimya miaka 9 siku alipolifungua sanduku lake, naye alikuwa na umri wa miaka 41. Alimwendea mzee mmoja, rafiki wa marehemu, ambaye katika bendi ile alikaa kiti cha pili kando ya baba yake. Mzee alikuwa mgonjwa wa mapafu, na daktari alikuwa amemkataza kupuliza.

"Shikamoo, baba," alisema mwalimu, akaeleza haja yake.

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu. "Pumzi sina, lakini masikio ninayo. Ukiweza kukisemesha chombo cha ndugu yangu nami ningali hapa, nitashukuru."

Maneno hayo yalimwingia mwalimu kama deni, na deni huharakisha mtu. Bila ya kumwuliza mzee, alimwandikia mpwa wake aliyekuwa London amletee sanduku la ndimi 10. Masanduku ya ndimi huandikwa namba, kuanzia 1 mpaka 5, zikipanda nusu kwa nusu. Mwalimu alikuwa amesahihisha mitihani miaka 16. Aliona namba kubwa ndiyo alama bora, akaagiza namba 4. Kumbe namba ile haipimi wema wa ulimi, hupima ugumu wake. Anayeanza hufaliwa na namba 2, au 2 na nusu, maana misuli ya midomo yake haijapata nguvu ya kuutikisa ulimi mgumu.

Alipuliza, na hewa ikapita kama upepo katika tundu la mlango, sauti haikuja. Akauma kwa nguvu zaidi, mdomo wa chini ukachubuka. Akatwaa wembe akaukwangua ulimi wa kwanza, ukawa mwepesi upande mmoja na mzito upande wa pili. Wa pili ulipasuka ncha kwa kuguswa na ukosi wa shati. Wa tatu aliusahau katika kinywa cha chombo usiku kucha, ukakauka umejikunja kama jani la muhindi wakati wa ukame. Katika muda wa wiki 2 ndimi 6 ziliharibika. Mwalimu alikata shauri kwamba kosa halikuwa la ndimi bali la umri wake. Wahenga walisema udongo upatize uli maji, na udongo wake yeye ulikwisha kauka zamani.

Alikwenda kwa mzee kuomba radhi na kuaga. Mzee alizipanga ndimi zote 10 juu ya meza, nzima na mbovu, asicheke hata kidogo.

"Zilikuwa nzuri zote," alisema, "ila hazikuwa zako. Umetaka kuanzia pale baba yako alipoishia."

Sanduku la pili, namba 2, lilifika baada ya miezi 2. Katika muda huo pumzi ya mzee ilikuwa imezidi kuwa fupi, hata kuinuka kitandani aliinuliwa. Mwalimu alitamani kuupiga ulimi mpya siku ile ile, saa nzima, kabla saa hazijakwisha. Mzee alikataa. Ajabu ya jambo hili ni kwamba aliyekuwa na siku chache ndiye aliyeamuru kungojea, na aliyekuwa na siku nyingi ndiye aliyeona kungojea ni hasara.

Kwanza alimfundisha kuchagua. Kila ulimi uliinuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya ulimi huonekana kivuli kama kichwa cha mkuki, na pande zake mbili hupasa zilingane. Nyuzi za tete hupasa zipande moja kwa moja mpaka nchani. Rangi ya kijani ni dalili ya tete lisilokomaa. Zilichaguliwa ndimi 3, zikaandikwa alama kwa kalamu ya risasi. Zile 7 hazikutupwa, kwa kuwa jicho hudanganyika, na ulimi wenye sura mbaya huweza kuimba siku moja.

Kisha alimfundisha kuuzoeza ulimi. Uloweshwe katika bilauri ya maji kadiri ya dakika moja, mpaka ncha yenye mawimbi inyoke. Ufungwe kwa kibano chake, juu ya ncha ubaki weusi wa kinywa mwembamba kama unywele. Siku ya kwanza upigwe dakika 5 tu, kwa sauti za chini, za upole. Kisha ufutwe, usuguliwe kwa kidole gumba kuelekea nchani ili vitundu vya tete vizibe, ulazwe juu ya kioo ukauke umenyoka. Siku ya pili ni hivyo hivyo. Siku ya tatu dakika 10. Sababu yake si uchawi. Tete jipya ni kavu na lina vitundu vingi. Likishibishwa maji na kutikiswa saa nzima, huvimba na nyuzi zake hulegea kupita kiasi. Likiloweshwa na kukaushwa kidogo kidogo, hujifunza hali zote mbili bila ya kupoteza umbo lake.

Hapo mwalimu aliuona upungufu wa hoja yake. Methali ya udongo ni kweli kwa udongo. Tete halifai likiwa bichi; sharti kwanza likauke, ndipo liloweshwe kwa kipimo. Kukauka kwake si kufa, ila ni nusu ya matengenezo yake.

Siku ya 10 mwalimu alikaa kando ya kitanda cha mzee. Alianza na sauti ile ambayo matundu yote huwa wazi, akashuka ngazi moja moja, sauti 5 kwa jumla, polepole, bila ya kukwama. Hazikuwa wimbo. Mzee alikuwa amefumba macho, lakini juu ya shuka vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikishuka kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake.

"Ufute," alisema mwishowe, "uurudishe kwenye kioo."

Ulimi ule wa kwanza ulikufa wiki ya 7. Sauti yake ilipooza, ncha ikalegea, na hapana dawa iliyoweza kuurejesha. Mpingo hudumu miaka mingi, tete hudumu wiki chache. Na urithi ni kama mpingo, hupokewa mara moja, lakini ulimi wa kuusemesha kila mrithi hujitafutia mwenyewe, na ukifa hutafuta tena. Mzee alizisikia ndimi zote 3. Wa nne, mwalimu aliuchagua peke yake katika zile 7 zilizobaki, akiuinua kwenye mwanga wa dirisha la nyumba yake, kwa kuwa kitanda cha mzee kilikuwa kimekwisha tandikwa na kuachwa kitupu. Siku hiyo aliuloweka dakika moja, akaupiga dakika 5, akaufuta, akaulaza juu ya kioo.