Kapasita za Mzee

Mwaka wa tatu nilipangiwa fildi kwenye kiwanda kimoja cha plastiki pale Chang'ombe, Temeke. Nilienda na ovaroli mpya, huku sapu ya elektroniki ya nguvu ikinisubiri chuoni. Nilichoomba ni kimoja tu: nisiulizwe swali.

Fundi mkuu wa umeme wote tulimwita Mzee. Mwezi ule kapasita ya tatu ilivimba na kupasuka. Bosi akasema ni uzembe, fundi atakatwa mshahara. Mzee akanionyesha klampu mita yake. "Dogo, soma mwenyewe. Mkondo uko sawa. Sasa kosa langu liko wapi?"

Nilihisi jibu nalijua. Kapasita zile zilifungwa zamani, mota zikiwa zinaunganishwa moja kwa moja. Baadaye zikaja inveta za kudhibiti mwendo wa mota. Inveta haivuti umeme kwa wimbi laini la Hz 50, inaudokoa vipande vipande. Hapo ndipo zinapozaliwa harmoniki, mawimbi ya ziada ya Hz 250, Hz 350 na kuendelea. Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo kapasita inavyoyapitisha kirahisi. Ikipatana na transfoma kwenye masafa hayo, mkondo unakuzwa na kapasita inachemka. Na klampu ya bei rahisi kama ya Mzee hupima vizuri wimbi safi tu. Likichafuka, inaweza kusoma pungufu.

Nilinyamaza siku nne. Mwenye sapu amfundishe nani?

Siku ya tano niliazima maabara ya chuo mita inayosoma thamani halisi. Tukapima waya uleule kwa mita zote mbili. Yangu ilisoma juu zaidi, tena kwa mbali. Mzee akaiangalia klampu yake kimya, halafu akasema, "Kumbe inanidanganya miaka yote hii."

Tukamwandikia bosi ukurasa mmoja, jina la Mzee juu, langu chini. Tulipendekeza filta amilifu. Hiyo hupima mkondo, hutenga Hz 50 na uchafu, kisha huingiza mkondo uliogeuzwa kinyume cha uchafu ule. Vikikutana vinafutana, na transfoma inabaki kuona wimbi karibu safi.

Bosi aliuliza bei, akaguna. Mpaka naondoka, filta ilikuwa bado kwenye makisio, na kapasita zilikuwa zimezimwa kwa muda ingawa bili ingepanda. Lakini makato ya Mzee yalifutwa.

Siku ya kuaga akaniuliza, "Lile somo la sapu linahusu nini?"

"Mambo haya haya, Mzee."

"Basi walikuonea."

Hawakunionea, kwenye mtihani nilistahili. Kinachonisumbua mpaka leo ni zile siku nne.