Nilimcheka Mara Moja, Akaacha Kuniuliza

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize kabla sijaenda mbali: ni lini mara ya mwisho mwenzako alikuuliza kitu unachokijua sana, ukamjibu huku unacheka? Mimi siku yangu naikumbuka vizuri, hata shati nililovaa.

Kazi yangu ni kompyuta. Ofisini, hapa Dar es Salaam, kila kinachogoma kinaletwa kwangu: printa, intaneti, nywila iliyosahaulika. Kutwa nzima nasikia "haifanyi kazi", basi, bila kuelezwa ni nini na imeanzaje. Ikifika jioni nimeshachoka kuulizwa. Ukweli ni kwamba uchovu ule nilikuwa naubeba hadi nyumbani.

Mke wangu anauza vitambaa na mashuka. Hesabu zake zote zilikuwa kwenye kompyuta: wateja, oda, madeni. Usiku mmoja akaniuliza, "Hivi nikitaka kumbukumbu zangu zisipotee, nafanyaje?"

Nikacheka. "Jamani, hilo nalo la kuuliza? Mtoto wa darasa la tatu anajua!"

Na yeye akacheka kidogo, akafunga kompyuta. Mimi nikaendelea kutazama mpira.

Miezi minne baadaye diski ikafa, na madeni ya miaka miwili yakaenda nayo. Nikamwambia kwa ukali, "Sasa kwa nini hukuniuliza?"

Akanitazama. "Nilikuuliza."

Hakuongeza neno. Wiki nzima tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Safari ya Mafia ilikuwa imeshalipiwa, ya kusherehekea miaka mitano ya ndoa. Tukaenda hivyo hivyo, kila mtu na dirisha lake la ndege. Kutoka Kilindoni tukapanda gari hadi Utende, ukingoni mwa Ghuba ya Chole. Kama hujafika, jipange. Mbele yako ni Kisiwa cha Chole, nyuma yake Juani, na upande wa kusini Jibondo, ambako watu wanasifika kwa kuunda vyombo vya baharini. Ghuba yote imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Mahali pa wapendanao haswa. Sisi tulikuwa tunapigana picha kwa zamu, bila kusogeleana.

Siku ya pili tukavuka kwenda Chole. Chini ya miti, karibu na maji, tukakuta mafundi wanaunda mashua. Ilikuwa imesimamishwa juu ya magogo, mkuku chini, mataruma yamejipanga kama mbavu. Mchoro hakuna, vipimo vyote vimo kichwani mwa fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni."

Nami, mtaalamu wa mjini, nikauliza, "Mzee, hivi boti inatengenezwaje?"

Vijana wakaangua kicheko. Mzee akawatupia jicho, wakanyamaza. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, swali lako ni kubwa kuliko chombo chenyewe. Chagua kipande kimoja, nikujibu."

Kumbe na mimi ni mmoja wa wale wa "haifanyi kazi"! Tukakaa kwenye gogo, tukatazama.

Kijana mmoja alikuwa anatia kalafati, yaani anashindilia pamba yenye mafuta kwenye nafasi kati ya ubao na ubao ili maji yasipite. Pamba yake ikawa inarudi nje. Akaja kwa mzee: "Fundi, nimesokota pamba kama ya jana, nimeanzia huku, nimepiga mara mbili, lakini hapa penye kona inatoka. Nimekosea wapi?"

Hebu lisikilize swali hilo. Kasema alichofanya, kasema palipogoma, kasema kajaribu mara ngapi. Laiti wenzangu ofisini wangekuwapo!

Fundi akaweka tezo chini. Nikadhani atamnyang'anya nyundo, maana mimi ndivyo ninavyofanya. Wapi! Akasema, "Nioneshe unavyopiga." Kijana akapiga. "Unaisikia sauti hiyo? Bado tupu. Pamba yako nyembamba, ongeza." Akamwacha apige mwenyewe. Baadaye kijana akarudi: "Fundi, imekaa." Wenzake wawili waliokuwa wanasikiliza wakaenda kukagua kazi zao bila kuambiwa.

Akaja mwingine. "Fundi, nifanye nini pale?"

"Umejaribu nini?"

Kimya.

"Basi kajaribu kwanza. Ukikwama njoo, nipo."

Hakumkaripia. Lile neno "nipo" lilinikaa moyoni.

Mke wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema mengi, akauliza, "Mzee, hawakuchoshi? Maana maswali ni yale yale."

"Wananichosha sana, binti yangu. Lakini nikimcheka huyu leo, kesho kosa lake atalificha. Yeye ataficha, maji hayafichi. Na chombo kikivujia kilindini, humo ndani kuna watu."

Mke wangu hakugeuka kunitazama. Hakuwa na haja.

Tuliporudi ufukweni maji yalikuwa yamekupwa, mashua imelala juu ya mchanga. Nahodha akasema tusubiri yajae. Tukakaa chini ya mti, sisi wawili tu, hakuna televisheni wala simu ya kujifichia.

Nikasema, "Nisamehe. Si kwa ajili ya diski. Kwa kile kicheko."

Akachora chora mchanga kwa kidole. "Unajua baada ya pale nilikwenda kwa kijana wa duka la simu? Akaniambia elfu hamsini. Nikasema nitarudi mwisho wa mwezi."

Diski ilikufa kabla ya mwisho wa mwezi. Mpenzi msomaji, mke wangu ana mume ndani, fundi wa kompyuta, halafu anakwenda kutafuta msaada dukani! Niliumia kuliko siku yenyewe ya hasara.

"Nifundishe," akasema. "Ila usininyang'anye kompyuta."

Basi nimerudi na haya, nawe yachukue, iwe ofisini au chumbani.

Kama wewe ndiye unayejua: usicheke swali, hata kama umeshalisikia mara mia. Yeye analiuliza kwa mara ya kwanza. Usimnyang'anye kazi mkononi, mwambie akuoneshe anavyofanya. Na kama umechoka, sema "nimechoka, tufanye kesho asubuhi", halafu kesho asubuhi ifanye kweli.

Kama wewe ndiye unayeuliza: jaribu kwanza. Njoo na kipande kimoja, useme ulichofanya na kilichotokea. Usimvamie mtu akiwa mezani anakula. Ukifanikiwa, rudi useme "imekaa". Neno hilo dogo ndilo linalompa mjuzi nguvu ya kumjibu anayefuata.

Sisi tulirudi Dar tukaanza kukusanya madeni kupitia ujumbe wa zamani kwenye simu. Wengine wamelipa, wengine wamekana mchana kweupe, na hiyo ni hasara yetu sote wawili. Siku hizi kila Jumapili mke wangu ananakili hesabu zake mwenyewe kwenye flashi mbili. Moja anaipeleka kwa dada yake.

Juzi, saa tano usiku, mpira uko dakika za mwisho, nikamsikia, "Mume wangu, nina swali la kijinga."

Nikazima televisheni. "Nioneshe unavyofanya."