Chuma Hii Imetoka Wapi?



Katika nyumba nyingi za huku kwetu, tangu Kolwezi mpaka hapa Mashamba, utakuta ampli, bafle mbili, mashini ya kaseti ama ya CD, na pengine platine ya kuzungusha disiki zenye muzee aliacha. Ni vyombo vyenye kununuliwa kwa jasho. Lakini angalia pahali vinawekwa: juu ya kiti, juu ya sanduku, ama chini kwa simenti, kimoja juu ya kingine. Mutoto akipita mbio, vyote vinaanguka. Kwa hiyo mwezi huu nataka tuongee juu ya etajeri ya muziki: namna ya kuifanya nyumbani na, zaidi sana, pahali pa kutafuta vitu vya kuifanyia.

Tuanze na vipimo, maana mutu asiyepima ananunua mara mbili. Ampli nyingi za nyumbani ziko na upana wa karibu sentimeta 43. Basi ubao ukuwe na sentimeta 50 ama zaidi, ili nyuzi zipate njia. Juu ya ampli uache nafasi ya sentimeta 10, kwa sababu inatoa moto, na ukiifungia bila hewa itakufa mbele ya wakati. Disiki kubwa pamoja na karatasi yake iko na upana wa karibu sentimeta 31, basi kule zinasimama pakuwe na urefu wa 33 ama 34. Tena usizarau uzito wake. Disiki moja na karatasi yake ni karibu robo ya kilo, basi disiki 100 ni kilo 25. Ule ni nusu ya mufuko wa simenti. Ubao mwepesi utapindika kati. Disiki ziweke chini kabisa, na platine juu kabisa, mbali na bafle, ili mutetemeko usirushe sindano.

Sasa tuje kwa vitu vyenyewe. Mutoto wangu wa pili, kijana wa miaka 17, ndiye aliyeanza kazi hii kwetu. Alikuwa amechunga feza za kusaidia kupakua mifuko sokoni. Siku moja akarudi na kornieri nane, zile chuma zenye kupindwa kama kona, kila moja karibu meta moja na nusu. Zilikuwa za rangi ya majivu, hazina kutu hata kidogo, na zilikuwa na matundu tayari ya kupitisha buloni. Akaniambia kwa furaha: “Papa, angalia, hata kutoboa hapana. Ni kufunga tu. Na bei yake ni kidogo sana!” Alikuwa amelipa nusu, na nusu ingine angelipa mwisho wa mwezi.

Tukazipeleka kwa muzee jirani yetu, fundi wa kusudere, maana yake wa kuunganisha chuma kwa moto. Ni mumoja wa wale zaidi ya 10,000 walioacha kazi ya Gécamines katika mupango wa 2003 na 2004, na tangu pale anakula kwa mikono yake katika lupango. Kusema kweli, siku ile alikuwa na haja ya kazi. Lakini alipogeuza chuma ya kwanza, akapitisha kidole juu ya herufi na namba zenye kugongwa pa mwisho wake, akaiweka chini polepole. Akamwambia mutoto: “Mwanangu, hii minaijua. Hii ni mufupa wa piloni. Minakatala kuigusa.”

Pengine wamoja kati yenu hamujui habari ya zile piloni. Njia kubwa ya umeme yenye kutoka Inga, karibu na mwisho wa muto Kongo, inafika hapa Kolwezi. Ilimalizika mwaka 1982, na urefu wake ni karibu kilometa 1,700. Ilijengwa kwa kuleta nguvu kwa migodi na viwanda vya shaba, kuongeza juu ya ile ya Nzilo na Nseke kwenye muto Lualaba. Katika safari ile yote waya zinabebwa na piloni, na kila piloni ni kornieri nyingi zenye kufungwa kwa buloni. Kila moja inasaidia ingine. Watu wanapanda, wanafungua ile ya chini, kisha ile ya pili. Piloni inasimama tu. Watu wanasema: “Unaona, haina neno.” Halafu upepo mukali wa mvua unakuja, na piloni inalala chini pamoja na waya. Ni jambo lenye kufanyika mara nyingi kwa njia ile, na kornieri zinaishia kuwa vitanda, milango, viti, na etajeri.

Sasa ufikiri, musomaji. Mutu anatafuta chuma ya kubeba radio yake, na chuma ile ndiyo ilikuwa inabeba umeme wa radio. Na haiko radio peke yake. Iko mama mwenye kuzaa usiku kwenye hospitali. Iko pompi ya maji. Iko baba mwenye kuwa chini ya udongo, akingojea hewa yenye kusukumwa na mashini.

Muzee aliongeza neno lingine, la fundi. Chuma za namna ile zimepakwa zinki ili zisishike kutu. Ukizisudere, zinki inageuka moshi mweupe. Mwenye kuvuta moshi ule, kisha masaa machache anashikwa na homa, baridi, kikohozi, na kifua kinabana. Vijana wengi wanafikiri ni malaria.

Nilikwenda pamoja na mutoto kurudisha zile chuma. Mwenye kuuza ni mutu tunajuana, baba wa watoto wanne, asiye na kazi. Hakukasirika. Aliniambia: “Pasteri, ile piloni ilikuwa yenye kuanguka. Miye sikupanda. Nisipookota, mwengine ataokota.” Neno lake lilinikaa moyoni, kwa sababu njaa yake ni ya kweli. Nilimujibu tu: “Ndugu yangu, mwenye kununua ile ya chini ndiye anatuma mwengine kufungua ile ya juu.” Feza za mutoto hakuwa nazo tena, alikuwa amekwisha kununua unga. Mutoto alinyamaza njia yote ya kurudi. Kazi yake ya wiki nyingi ilikuwa imepotea, na niliona kwamba alitaka kulia.

Tulianza upya. Nakuonyesha namna tulivyopata vitu, pengine itakusaidia.

Mbao: tulitumia mulango wa zamani na kitanda chenye kuvunjika, vyote vya mulombwa. Roho ya muti ule mchwa hawaipendi. Mukula usiutafute. Unakomaa polepole sana, umekatwa bila kipimo katika misitu yetu, na tangu 2019 biashara yake kati ya mataifa inachungwa na mapatano ya CITES. Mbao za paleti ni nzuri pia, lakini soma alama yake. HT maana yake zilipashwa moto, unaweza kuzitumia. MB maana yake zilipigwa dawa ya sumu, uziache. Na hata yenye HT, kama iko na madoa ama harufu ya dawa za kiwanda, usiiingize mahali watoto wanalala.

Chuma: fundi alituuzia vipande vya kitanda cha zamani cha chuma, na mwenye kitanda tulimujua. Kama unanunua kwa wauza mitraye, uliza, na uangalie matundu na namba.

Miguu: kata vipande vya mupira kwa wale wenye kutengeneza viatu vya mipira ya gari. Vinapunguza mutetemeko. Wengine wanajaza muchanga ndani ya miguu ya chuma ili etajeri ikuwe nzito. Ni vizuri, lakini uchukue muchanga wa muto wenye kusafishwa na kukaushwa, siyo ule wa takataka za kiwanda, maana uko na vumbi la shaba na kobalti. Na mawe ya rangi nzuri yenye kutoka mashimoni usiyaweke nyumbani kwa kupamba. Katika udongo wetu, kama kule Musonoi, mamoja yako na uranium.

Mwisho, tundika kitambaa chepesi mbele kwa ajili ya vumbi jekundu, lakini ukitoe wakati ampli inafanya kazi.

Etajeri yetu ilichukua miezi miwili. Haiko nzuri kama ile ya kornieri ingekuwa. Mbao moja iko na alama ya kitasa cha mulango, na wageni wanaiuliza. Mutoto anawaeleza kila kipande kilitoka kwa nani, bila kushusha sauti.

Mubaki na amani.