Kifyatulio Kilichoikomboa Bunduki ya Bei Nafuu

Nayakumbuka vizuri maneno waliyokuwa wakiambiwa wawindaji wa Marekani wenye kipato cha kawaida katika miaka ya 1980 na 1990, kwenye majarida ya uwindaji na kwenye kaunta za maduka ya silaha. Bunduki ya bei nafuu itaua kulungu, waliambiwa, ila usiitegemee kwa ulaini wa kifyatulio wala kwa usahihi wa kujivunia. Ukiyataka hayo, ongeza fedha. Kwetu husemwa rahisi huwa ghali, na kwa bunduki za wakati ule msemo huo ulisadifu, kwa kuwa aliyeokoa fedha dukani alizitoa baadaye kwa fundi wa kurekebisha kifyatulio. Leo mambo yamegeuka. Bunduki ya dola 400 au 500, ikitoka kiwandani moja kwa moja na kupewa risasi zinazoelewana nayo, mara nyingi huweka matundu matatu ndani ya sentimita 3 au 4 kwa umbali wa mita 100. Wengi wanaoeleza mageuzi haya husifu mitutu mipya na mashine za kisasa za kompyuta. Sizikatai sifa hizo, lakini nashikilia kwamba usahihi ulikuwemo ndani ya bunduki nafuu miaka mingi kabla ya kusifiwa. Kilichokosekana ni kifyatulio cha kumwezesha mwindaji autumie, na kilikosekana kwa sababu ya hofu kuliko kwa sababu ya gharama.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, bunduki nafuu kuliko zote ilikuwa ya jeshi: Mauser za Ujerumani, Lee-Enfield za Uingereza na Springfield za Wamarekani wenyewe, zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Vifyatulio vyake vilikuwa vya hatua mbili. Kidole huvuta sehemu ndefu nyepesi, hukutana na ukinzani, kisha huvuta tena mpaka mlio utoke. Vilimfaa askari mwenye baridi na matope mikononi, lakini mwindaji hakuvipenda, na kampuni ya Timney, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilijijengea jina kwa kuwauzia watu hao vifyatulio mbadala. Sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 1968 ilipobana uingizaji wa bunduki za majeshi ya nje, mnunuzi wa kipato cha chini alibaki mikononi mwa viwanda vya nyumbani, na huko nako kubana matumizi kulikuwa kumeshaacha jeraha. Mwaka 1964 Winchester waliibadilisha Model 70, iliyouzwa tangu 1936, ili iwe rahisi kutengeneza, na wanunuzi waliichukia kiasi kwamba bunduki za kabla ya mwaka huo zingali zinatafutwa kwa bei ya juu. Hapo ndipo imani ilipoota mizizi kwamba kupunguza gharama ni kuharibu bunduki.

Hata hivyo ushahidi wa kuipinga imani hiyo ulikuwa tayari sokoni. Model 110 ya Savage, iliyobuniwa na Nicholas Brewer, ilianza kuuzwa mwaka 1958. Mtutu wake unakazwa kwa nati: fundi anauzungusha mpaka nafasi ya kukaa risasi ilingane na kipimo, anaikaza nati, kazi imekwisha. Kichwa cha komeo nacho kimeachiwa kicheze kidogo, ili meno yake ya kufungia yakae sawasawa bila mtu kuyasugua kwa mkono. Mambo yote mawili yalibuniwa ili kuokoa saa za kazi, na yote mawili yakaongeza usahihi, kwa sababu yaliondoa makosa ambayo kwingine yalitegemea umakini wa fundi mmoja mmoja. Bunduki hiyo ilikuwa na sura ya kawaida sana, na kifyatulio chake kilikuwa kizito na cha kukwaruza. Watu waliiita bunduki ya wanyonge, wakapita.

Ili kuona kwa nini kifyatulio peke yake kiliweza kuificha sifa yote hiyo, tutazame kinachotokea ndani. Pini inayogonga risasi inasukumwa mbele na springi yenye nguvu, na kinachoizuia ni kipande cha chuma kilichoegemea kingine kwa ukingo wa chini ya milimita moja. Kazi ya kidole ni kuutelezesha ukingo huo mpaka uachie. Nyuso za chuma zikiwa na makwaruzo, au ukingo ukiwa mpana kupita kiasi, kidole huhisi kifyatulio kikikokota, kikisimama, kikikokota tena, na mwindaji hajui mlio utatoka lini. Tangu ukingo uachie mpaka baruti iwake hupita takriban sehemu 3 za elfu za sekunde, na risasi huhitaji kiasi cha sehemu 1 nyingine ya elfu kutoka mtutuni. Muda wote huo bunduki inaendelea kusogea. Bunduki ya kuwindia ina urefu wa karibu mita 1. Ncha ya mtutu ikihama theluthi moja tu ya milimita kulinganisha na kitako, risasi itapotoka zaidi ya sentimita 3 kwa umbali wa mita 100. Sasa chukua kifyatulio cha kilo 3 kwenye bunduki yenye uzito wa kilo 3. Kidole kimoja kinatakiwa kutumia nguvu ya kutosha kuinyanyua bunduki nzima, kisha nguvu hiyo ikose cha kushindana nacho ghafla, huku ncha ya mtutu ikitakiwa isihame hata kwa unene wa kucha. Hakuna mtutu, hata wa dola 1,000, unaoweza kuifidia hitilafu hiyo.

Viwanda viliyajua haya yote. Kilichovizuia ni mahakama. Kadiri kesi za fidia za bidhaa zilivyoongezeka Marekani, ndivyo watengenezaji wengi walivyoukimbilia uzito wa kifyatulio kama kinga, wakiamini kwamba kifyatulio kigumu ni uthibitisho wa uangalifu. Skrubu za kurekebishia zilizibwa kwa gundi, na vitabu vya maelekezo vikamwonya mnunuzi asiziguse. Aliyekuja kuivunja hofu hiyo ni Savage, kampuni iliyoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 1988. Mkuu wake mpya, Ronald Coburn, alipoishika aliipunguza orodha ya bidhaa na kuirudisha kampuni kwenye Model 110. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kikaleta kifyatulio kilichoitwa AccuTrigger. Katikati yake pana ulimi mwembamba wa chuma uliochomoza mbele. Kidole kinaubonyeza ulimi kwanza, kisha kinaendelea kuvuta. Ulimi usipobonyezwa, kipande kinachoizuia pini hakina njia ya kupita. Hata bunduki ikianguka na ukingo ukateleza, ulimi unakidaka kipande hicho na risasi haitoki mpaka komeo lifunguliwe na kufungwa upya. Kwa kinga hiyo kiwanda kiliweza kumpa mnunuzi kifaa cha kurekebisha uzito mwenyewe, akaushusha karibu na kilo 1 bila fundi.

Thamani ya tukio hilo kwa hoja yangu ni kwamba lilikuwa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mtutu ulikuwa wa aina ileile, nati ileile, kichwa cha komeo kilekile. Kilichobadilika ni kifyatulio, na sifa ya bunduki hizo ikabadilika pamoja nacho. Jaribio la pili lilikwenda kinyumenyume. Mwaka 2010 kiwanda hichohicho kilitoa bunduki ya bei ya chini zaidi, iliyoitwa Edge na kisha Axis, bila AccuTrigger. Wanunuzi waliusifu mtutu na kulalamikia kifyatulio, na baadaye likatoka toleo la Axis II lenye kifyatulio walichokitaka. Washindani nao walisoma alama za nyakati. Marlin walileta X7 mwaka 2008, Ruger wakaleta American Rifle mwaka 2012 kwa bei ya kupendekezwa ya dola 449 na kifyatulio kinachorekebishika kati ya kilo 1.4 na 2.3, Remington wakaleta Model 783 mwaka 2013, na Mossberg wakaleta Patriot mwaka 2015. Zote nne zilikuja na ulimi katikati ya kifyatulio. Ni kweli Tikka T3 ya Finland, iliyotoka mwaka 2003, ina kifyatulio kizuri kisicho na ulimi. Lakini hiyo inaonyesha tu kwamba njia ni zaidi ya moja: nyuso za chuma zilizochongwa vizuri hutosha, kwa mnunuzi aliye tayari kulipa zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Wapo wasemao kwamba kifyatulio chepesi mikononi mwa mtu asiyezoea ni hatari, na uzito wa zamani uliokoa maisha. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito wake, kwa kuwa bunduki iliyofyatuka bila kukusudiwa haina msamaha. Lakini tutazame rekodi. Kifyatulio kilicholalamikiwa kwa muda mrefu kuliko vyote Marekani ni cha Remington 700, bunduki iliyouzwa tangu 1962, na madai yaliyojaa mahakamani hayakuwa juu ya wepesi wake. Walalamikaji walidai kwamba bunduki zao zilifyatuka bila kifyatulio kuvutwa, na kampuni ilikana kwamba usanifu huo una kasoro. Mwaka 2014 kampuni iliwaita wenye kifyatulio kipya cha X-Mark Pro wakirudishe, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuzuia vipande visirudi mahali pake. Kama vipande vya ndani havishikani inavyopaswa, uzito unaohisiwa na kidole hausaidii kitu. Usalama hutokana na namna vipande vinavyoshikana, usafi wake, na kinga inayodaka kosa likitokea, na hayo yote yanawezekana kwenye kifyatulio cha kilo 1.5. Kilo 3 zilimpa mtengenezaji utulivu wa moyo mahakamani. Mtu aliyesimama mbele ya mtutu hazikumpa kinga ya maana. Nakubali mpaka mmoja: vifyatulio vya gramu chache vya mashindano havina nafasi porini, ambako vidole vina baridi na moyo unadunda.

Pingamizi la pili linasema mwindaji hahitaji usahihi huo, kwani eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa takriban sentimita 20. Hesabu hiyo ni ya benchi la kupigia shabaha, bunduki ikiwa imelala juu ya mifuko ya mchanga. Hapo hata kifyatulio kibaya kinavumilika, kwa sababu mchanga unakishika kile ambacho kidole kinakisukuma, na ndiyo maana bunduki nyingi za zamani zilipata alama nzuri benchini kisha zikawaaibisha wenyewe msituni. Mwindaji aliyeegemea mti, mwenye pumzi fupi, kwa umbali wa mita 200, tayari anatumia sehemu kubwa ya sentimita zile 20 kwa mtikisiko wa mwili wake. Kifyatulio kizito kinamlia zilizobaki, na matokeo yake ni tumbo lililotobolewa na mnyama anayekufa polepole kichakani. Katika uwindaji wa kitalii wa Tanzania mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa kama aliyeuawa, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu porini ameshapotea.

Wengine hujibu kwamba mazoezi hushinda kifyatulio chochote, na askari wa Lee-Enfield ni ushahidi. Ni kweli, mazoezi ya miezi na maelfu ya risasi huweza. Lakini anayenunua bunduki ya dola 400 mara nyingi ndiye asiyemudu maelfu ya risasi, na kumdai ustadi mkubwa zaidi ili afidie chombo kibovu zaidi ni kumbebesha maskini mizigo miwili. Tena mtu hujifunza haraka kwenye kifyatulio kinachomwonyesha kosa lake kuliko kwenye kinacholificha. Pingamizi la mwisho ni kwamba sifa za bunduki mpya zimetiwa chumvi, na hapa napokea sehemu ya lawama hiyo. Makundi ya risasi tatu hudanganya: kwa bunduki ileile, kundi la risasi kumi kwa wastani huwa pana kwa zaidi ya nusu kuliko la tatu. Vitako vya plastiki hupinda vikibanwa, na magazini nyingi za bei ya chini hulegea mapema. Mapungufu hayo ni halisi, lakini ni ya aina ambayo mwindaji anayaona na kuyapangia. Kifyatulio kibaya kilimfanya ajilaumu kwa makosa yasiyo yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayenunua leo ni kwamba, kabla ya kuuliza jina la kiwanda au aina ya chuma, ahakikishe bunduki haina risasi, avute kifyatulio mara kadhaa polepole, na asikilize kidole chake. Kikikokota, aiache bunduki hiyo hata kama kundi lake la matundu limebandikwa ukutani dukani. Viwanda vilichukua miongo kukubali kwamba wepesi na usalama vinaweza kukaa pamoja, na vilikubali pale mmoja alipothibitisha kwamba wanunuzi wasio na fedha nyingi wangekichagua kifyatulio kizuri wakipewa nafasi. Nafasi hiyo sasa wanayo, na wasikubali kuuziwa tena hofu ya mtu mwingine kwa jina la bei nafuu.