Pipa la Barafu na Mtoto wa Sikoseli



Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja, na huyo wa tatu ndiye amenifanya niandike hapa badala ya kujibu mmoja mmoja. Ni mama wa hapa kwetu. Ameona kwenye simu watu wakikaa ndani ya maji ya barafu, na msemaji anasema damu inasafishwa na magonjwa yanakimbia. Kijana wa shemeji yake ameshatengeneza pipa lake nyumbani. Mtoto wa huyu mama ana sikoseli. Anauliza: Pasta, nimuingize, tuombe, tuamini?

Mama, nilikujibu kwa simu na narudia hapa ili wengine wasikie. Usimuingize. Hata dakika moja.

Sasa nieleze, mnivumilie, leo ni refu kidogo.

Huko Ulaya na Marekani watu wananunua mabafu ya kuweka nyumbani, yenye mashine ya kupoza maji mpaka nyuzi 10 au 15 hivi. Mtu anaingia hadi shingoni, anakaa dakika chache, anatoka. Mholanzi mmoja, Wim Hof, ndiye amelitangaza sana jambo hili. Hapa Magunga sijaona mtu akinunua bafu kama hilo. Vijana wetu wanachukua pipa la plastiki, wanajaza maji, wanateremka ufuoni kutafuta ile barafu ya kuhifadhia mbuta, wanaimwaga ndani. (Kama barafu hiyo imeshalaza samaki, harufu utakayotoka nayo ni juu yako.)

Na mtu asiniambie sisi ni watu wa maji, tumezoea. Ziwa letu haliko hivyo. Maji ya Nam Lolwe, hata alfajiri, ni nyuzi zaidi ya 20. Mvuvi wa omena anayelowa usiku kucha hutetemeka kwa sababu ya upepo na nguo mbichi, lakini hajawahi kuingia kwenye maji ya nyuzi 10. Mwili wake haujui kitu hicho.

Je, kuna faida? Ipo, na sitaki kuficha. Wakimbiaji wetu wakubwa wanatumia maji ya barafu baada ya mazoezi mazito, Eliud Kipchoge akiwa mmoja wao. Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 17 madogo yenye watu 366, wakaona kwamba maji baridi yanapunguza maumivu ya misuli siku zinazofuata mazoezi. Hilo tu. Maumivu ya misuli. Hawakusema yanasafisha damu, wala yanaponya sukari, wala yanamfungua mtu tumbo la uzazi kama nilivyosikia kwenye video moja. Na ninyi vijana mnaonyanyua vyuma vya simenti nyuma ya posho mill, utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ukiingia barafu kila mara baada ya kunyanyua, misuli inakua kidogo kuliko ya yule asiyeingia. Mnajinyima mnachokitafuta.

Hatari iko kwenye dakika ya kwanza. Ngozi ikiguswa ghafla na maji baridi sana, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kisha anahema haraka haraka. Moyo unakimbia, presha inapanda. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, atakachovuta ni maji. Kijana mzima mwenye moyo mzuri anaweza kupita hapo. Mzee wa presha, au mama mjamzito, au mtu aliyewahi kupata shida ya moyo, asijaribu kabla daktari hajamwambia. Na hakuna anayepaswa kuingia akiwa peke yake nyumbani. Wale wanaogeuza friza ya zamani kuwa bafu, tafadhali: umeme na maji havijaokoka. Na pipa likibaki wazi uani, mtoto anayejifunza kutembea anaweza kutumbukia kichwa chini mkiwa jikoni.

Lakini nirudi kwa sikoseli, maana hiyo ndiyo ya kwetu. Eneo letu hili la ziwa lina watoto wengi wenye ugonjwa huu, na sababu si laana ya mtu wala chira ya ukoo. Mtu aliyepokea mbegu hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na malaria imekaa hapa vizazi na vizazi, kwa hivyo mbegu ikabaki na ikaenea. Shida inakuja baba na mama wote wawili wakiwa nayo: kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Mama, usikubali mtu akulaumu wewe peke yako. Inahitaji wazazi wawili.

Kwa mtoto huyo, chembe za damu hujikunja kama mundu. Baridi ikimpata, mishipa inajibana, damu inapita polepole, na zile chembe zilizojikunja zinakwama kama magugu ya ziwani yanavyokwama kwenye kituo cha mashua. Hapo ndipo unasikia mtoto analia mifupa usiku kucha. Ndiyo maana kliniki wanakuambia umvishe sweta, umpe maji mengi ya kunywa, asinyeshewe, asicheze muda mrefu ndani ya maji baridi. Sasa fikiria mtoto kama huyo, mtu amtie ndani ya pipa la barafu kwa jina la Yesu.

Nimeandika “kwa jina la Yesu” makusudi. Watumishi wa Mungu kupenda maji baridi si jambo geni. John Wesley mwenyewe, mwaka 1747, alitoa kitabu cha tiba za nyumbani ambacho kinasifu kuoga maji baridi kwa magonjwa mengi sana, mengine leo hakuna daktari angeyakubali. Padri Sebastian Kneipp wa Bavaria akaandika kitabu chake cha tiba ya maji mwaka 1886, watu wakamiminika kwake kutoka mbali. Kneipp angalau alikuwa mpole: alimwagia mtu maji kidogo, na alitaka mwili uwe na joto kabla ya kuguswa na baridi. Walikuwa watu wa Mungu wenye nia njema. Nia njema haikuwafanya madaktari wa kila ugonjwa.

Najua mtaniletea Naamani. Ameletwa tayari, kuna ndugu ameniandikia 2 Wafalme 5 bila maneno mengine. Vizuri, tusome pamoja. Naamani alizama Yordani mara saba akatakasika. Je, Elisha baadaye alifungua huduma ya kuzamisha watu Yordani? Hakufungua. Ule mto ulipita katikati ya Israeli, kila mwenye ukoma angeweza kwenda kuoga bure. Soma Luka 4:27, Yesu anawakumbusha watu wa Nazareti kwamba Israeli ilikuwa na wakoma wengi siku za Elisha, na hakuna aliyetakaswa ila huyo Mshami. Maji yalikuwa ni yale yale. Naamani alitii neno alilotumiwa yeye. Mtu anayechukua maji ya Naamani na kuwauzia watu wasiotumiwa neno hilo anauza maji tu, na siku hizi anayauza na barafu.

Tunaombea wagonjwa katika kanisa hili na tutaendelea. Mtoto wa sikoseli nitamwekea mikono hata kila Jumapili. Ila atakuja akiwa amevaa sweta, ameshakunywa dawa zake za asubuhi, na tarehe yake ya kliniki imeandikwa. Kama daktari amempa haidroksiyurea, hiyo haiachwi kwa sababu ya unabii wa mtu yeyote, hata wangu. Na akianza kuumwa kifua, au kuhema kwa shida, au joto likipanda, msimlete kwangu kwanza. Tafuteni pikipiki mwende hospitali, mnipigie mkiwa njiani, nitaomba nikiwa nyuma yenu barabarani.

Jambo la mwisho, kuhusu ubatizo. Tutaenda ziwani kama kawaida yetu, baada ya ibada, jua likiwa limepanda. Mbatizwa akishatoka majini haturefushi wimbo naye akiwa amelowa. Kila mmoja aje na shuka kavu na nguo za kubadilisha. Mwenye sikoseli, presha au kifafa aniambie mapema, si lazima aseme mbele ya watu. Tutapanga saa yake, na mama mmoja wa kanisa atakuwa amesimama ukingoni na shuka mkononi.